Nyumba ya Mwisho, Mtaa wa Mnazi

Jumatano, tarehe 17 Aprili 2024. Mvua ilianza alfajiri na mpaka saa mbili asubuhi ilikuwa haijapumzika. Mtaa wetu wa Mabibo ulijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na majani ya kabichi kutoka sokoni yalikuwa yakielea mpaka kwenye vizingiti vya milango.

Mzee Gaspar Kapinga alikuwa ameketi barazani kwake, amevaa shati jeupe na tai. Kando yake alikuwa mkewe, Demetria, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Monica, amevaa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kilemba kilichofungwa vizuri. Walikuwa tayari tangu saa kumi na mbili. Siku hiyo walitakiwa kufika Boko, kwenye makazi ya wastaafu yanayoitwa Tulivu, ili Mama Monica ahojiwe na nesi, kisha wachague mtaa watakamoishi mpaka mwisho wao.

Saa mbili na robo simu ikalia. Mzee aliipokea akiwa amesimama, kama alivyokuwa akipokea simu za wakubwa wake kazini.

"Maji yamekata barabara ya kuingilia," akaniambia alipomaliza. "Wanasema twende kesho."

"Basi ni kesho tu, Mzee. Si mbali."

"Kesho ni Alhamisi, katibu."

Nikaelewa. Karatasi yenye majibu niliiandika mimi, na jibu la kwanza lilikuwa Jumatano.

Inabidi nieleze tulivyofika hapo. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, ninayeandika mahudhurio ya Jumamosi na majina ya wagonjwa wa kutembelewa. Nyumba yangu inatazamana na ya Mzee Gaspar, na kwa kuwa anasema mwandiko wangu unasomeka, huniita kila akiwa na jambo la kuandikwa.

Alizaliwa Mbinga mwaka 1953. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu, akapata ukarani kwenye bohari ya vipuri, akakaa humo miaka thelathini na miwili mpaka alipostaafu. Wenzake walisema angeweza kukupa nati ya saizi unayotaka umeme ukiwa umekatika. Alimwoa Demetria mwaka 1980. Walizaa watoto watatu, wakabaki na Monica, anayefanya kazi Mwanza. Nyumba ya Mabibo waliipanga mwaka 1988 na hawakuhama tena. Mwenye nyumba alifariki mwaka jana, na warithi wake wanataka kuigeuza stoo ya viazi na vitunguu. Walimpa Mzee mpaka tarehe 30 Aprili.

Monica ndiye aliyepata habari za Tulivu. Ni makazi makubwa, nyumba karibu mia tatu, yamejengwa na ushirika wa wastaafu na kugawanywa katika mitaa yenye majina ya miti. Wenye ndoa wanachagua kati ya Mkungu na Mzambarau. Wajane na wasio na wenzi wanakaa Mnazi. Mtaa wa nne unaitwa Mpera. Huko wanakaa wanaohitaji uangalizi, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, ndani ya ukuta wenye geti linalofungwa kwa nje.

Mzee Gaspar alikwenda Boko mara tatu peke yake kabla ya siku ya usaili. Alipima kwa hatua. Kutoka Mkungu mpaka kanisani ni hatua mia sita na arobaini. Kutoka Mzambarau ni hatua elfu moja na mia mbili, lakini kila nyumba ina kipande cha ardhi cha kupanda mboga, na hakuna kelele za jenereta. Mkungu una lami. Mzambarau una mtaro usio na mfuniko mbele ya nyumba tano za kwanza. Aliandika yote hayo, kisha akaja kuyasoma dukani kwa Bi Bahiya, kama anasoma taarifa kwenye kikao.

Bi Bahiya ni jirani yetu wa siku nyingi. Duka lilifunguliwa na baba yake aliyekuja na wazazi wake kutoka Hadharamaut, na yeye amelikalia tangu akiwa msichana.

"Ukae Mkungu karibu na geti ufanye nini, Baba Monica?" alimwuliza. "Uhesabu magari? Nati zote ulizohesabu hujachoka?"

"Kanisa ni karibu."

"Mungu hapimi hatua. Nendeni Mzambarau mkapande mchicha, mie nije Ijumaa kuchuma wa bure."

"Wewe na neno bure! Miaka thelathini na sita hujawahi kunipa hata kiberiti."

"Ndiyo maana duka lipo mpaka leo, na bohari yako imefungwa."

Mzee alicheka sana siku ile. Sikumwona akicheka tena.

Walicheka wakijua wote wawili jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Mama Monica alikuwa amepoteza kumbukumbu, na ilikuwa inapata miaka miwili. Hatukugundua kwa sababu ya salamu zake. Ukikutana naye njiani atakuamkia kabla hujafungua mdomo, atauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mgonjwa wenu, atakupa pole na kukutakia siku njema, na utaondoka ukiwa umeridhika kabisa kwamba umezungumza na Mama Monica. Hasiti, hakosei hata neno moja. Mtu wa kwetu akishasalimiwa hivyo hana cha kuuliza tena. Jina lako hakulitaja, lakini nani huangalia kama katajwa jina?

Bi Bahiya ndiye aliyegundua, kwa chumvi. Mama Monica alikuwa akija kununua chumvi mara nne kwa siku. Kila mara anasalimia upya, anauliza habari za watoto upya. Bi Bahiya anampa, na jioni anampelekea Mzee pakiti tatu zilizofungwa kwenye gazeti.

"Chumvi yako hii."

"Ahsante, Bi Bahiya."

Hawakusema zaidi ya hapo kwa mwaka mzima.

Sasa Filomena, mwanajumuiya mwenzetu aliyetangulia kuhamia Tulivu, alitupigia simu mwezi wa tatu akatuambia kwamba kila anayeingia mtaa wa wenye ndoa anahojiwa na nesi. Mwaka jana mama mmoja alitoka nyumbani kwake Mzambarau, mumewe akiwa bafuni, wakamwokota barabara kuu akiwa amegongwa. Tangu hapo asiyejibu anapelekwa Mpera. Akatutajia maswali yote manane. Leo ni siku gani. Unatoka wapi. Una watoto wangapi. Huyu ni nani wako. Na mengine.

Mzee akaja kwangu na daftari, na hapo ndipo nami nilipojua.

"Yaandike, katibu. Swali na jibu. Jibu liwe sentensi kamili."

"Kwa nini sentensi kamili?"

"Katekisimu iko hivyo."

Mama Monica alifundisha katekisimu miaka ishirini na miwili. Watoto wote wa upande huu wa Mabibo waliopata komunyo ya kwanza walipita mikononi mwake, wakiwemo wangu wawili. Mwalimu anauliza, mtoto anajibu kwa sentensi ileile, neno kwa neno, na aliyekosea anaanza upya. Mzee alihisi kwamba mlango huo ulikuwa bado haujafungwa kichwani mwa mkewe. Alikuwa sahihi. Kila asubuhi baada ya chai alisimama mbele ya mkewe na karatasi yangu, akauliza, naye akajibu. Wiki ya kwanza alishika majibu mawili. Wiki ya tatu alikuwa ameyashika yote manane. Ukimsikia kutoka nje ungedhani ni mtu mzima wa afya.

"Leo ni siku gani?"

"Leo ni Jumatano."

"Huyu ni nani wako?"

"Huyu ni Gaspar, mume wangu wa ndoa takatifu."

Maneno "wa ndoa takatifu" aliyaongeza mwenyewe. Mzee alinitaka niyaandike kwenye karatasi, nikayaandika.

Ndiyo maana ile Jumatano ya mvua alishinda barazani bila kuvua tai. Mchana alijaribu kubadilisha jibu la kwanza. Nilikuwepo.

"Mama Monica, kesho wakiuliza, sema leo ni Alhamisi."

"Leo ni Jumatano."

"Leo, ndiyo. Lakini kesho jibu litabadilika."

Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyekuja darasani bila kusoma.

"Nani kakwambia jibu linabadilika? Jibu halibadiliki. Anza upya."

Mzee akaanza upya. Alianza upya mara saba, kisha akaikunja karatasi.

Alhamisi jua liliwaka. Bi Bahiya alitoa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha duka, na mwanawe Talha, kijana wa miaka thelathini mwenye maneno mengi, ndiye aliyeendesha. Mzee na mkewe walikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na magunia matupu.

"Leo mie nabeba bwana na bibi harusi," Talha alisema tulipotoka. "Mama, fungate wapi?"

"Marahaba, mwanangu," Mama Monica alijibu. "Watoto hawajambo?"

"Sina mtoto, Mama. Hata mke sina. Nitafutie huko huko Boko."

"Tumshukuru Mungu. Wasalimie."

Talha alicheka, akidhani anataniwa.

Tulifika saa nne kasoro. Mzee aliomba tuzunguke kwanza kabla ya kwenda ofisini. Mkungu tulipita haraka. Mzambarau tulisimama. Kwenye nyumba ya nane palikuwa na tuta la mchicha lililoachwa na waliohama, limeota magugu. Mama Monica akainama, akaanza kung'oa magugu, na vidole vyake vilijua lipi la kung'oa na lipi la kuacha. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaangalia kule mtaro ulipo, akahesabu nyumba kwa kidole.

"Nane," akaniambia. "Mtaro unaishia ya tano. Andika nyumba ya nane, Mzambarau."

Nikaandika. Ninayo mpaka leo kwenye daftari langu.

Nesi anaitwa Eliaichi, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye lafudhi ya watu wa Machame. Alitukaribisha ofisini kwake. Mama Monica alimsalimia kama ninavyomjua. Aliuliza habari za kazi, za safari ya nyumbani Krismasi, za mvua, akampa pole kwa uchovu wa kuhudumia wazee. Nesi alifurahi mpaka akaweka kalamu chini.

"Mama yuko vizuri kabisa," akasema. "Baba, wewe ndiye unayeonekana mgonjwa."

Mzee alitabasamu. Nilimwona akilegeza tai kidogo.

Kisha nesi akachukua fomu yake. Sijui kwa nini hakuanza na swali la siku. Labda ndivyo wanavyofundishwa. Alielekeza mkono kwa Mzee Gaspar.

"Haya, Mama, tuanze. Huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Mama Monica alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini.

"Leo ni Jumatano."

"Samahani, Mama. Nimeuliza huyu ni nani."

"Ninatoka Mabibo, Parokia ya Mabibo."

Lilikuwa jibu la pili. Nesi aliangalia karatasi yake, akamwangalia Mzee, na nadhani alielewa yote kwa wakati mmoja. Akasogeza kiti mbele, akamshika Mama Monica mkono, akauliza polepole, kwa sauti ya chini, "Mama, acha hayo ya kufundishwa. Mtazame tu huyu mzee. Unamfahamu?"

Mama Monica akageuka. Alimtazama mumewe usoni, kwa makini, kama mtu anayetafuta neno kwenye kitabu. Kisha akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee. Uniwie radhi, sikukuona."

Mzee Gaspar hakuitikia.

"Jina sijalishika," Mama Monica akamwambia nesi, "lakini ni mtu mwema. Kanisindikiza kutoka mbali. Mpeni maji."

Nesi alitoka kwenda kuleta maji mwenyewe, ingawa chupa ilikuwa juu ya meza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini maneno yake yalikuwa ya kazi. Mama atapokelewa Mpera siku ya Jumatatu, upande wa wanawake. Mzee anaweza kumwona saa nne mpaka saa sita, na jioni saa kumi mpaka saa kumi na moja. Kwenye mitaa ya wenye ndoa hawezi kukaa mtu mmoja, kwa hiyo akitaka kuwa karibu naye kuna nafasi Mnazi.

"Na mie nikikaa naye humo Mpera?" Mzee akauliza.

"Mpera ni kwa wasiojiweza tu, Baba. Na hata ungekuwa mgonjwa, ungekaa upande wa wanaume. Mngekutana uani wakati wa kuota jua."

"Uani, kila siku?"

"Kila siku, asubuhi na jioni. Lakini wewe ni mzima, Baba."

Monica alipigiwa simu Mwanza. Tulimsikia akilia, kisha akasema, "Baba, saini tu. Utampeleka wapi? Tarehe thelathini wanakutoa." Mzee akasaini karatasi ya kwamba ameelezwa. Mtaa wa kwake mwenyewe hakuuchagua. Aliomba mpaka kesho yake. Chini ya sahihi akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa bohari, kila tarakimu imesimama peke yake: 18.04.2024, Alhamisi.

Talha akaturudisha Mabibo. Bi Bahiya alikuwa anatungoja mlangoni mwa duka.

"Mmepata, Baba Monica?"

"Tumepata."

"Mkungu au Mzambarau?"

"Mbili. Tumepata mbili."

"Nyumba mbili za nini? Mnapangisha?"

Mzee akamshika mkewe mkono kumvusha dimbwi, na Mama Monica akamwambia ahsante, akamwuliza kama na yeye anakaa mtaa huu. Bi Bahiya alisikia. Akarudi ndani ya duka, akakaa nyuma ya mizani. Wateja watatu walikuja wakaondoka bila kuhudumiwa.

Jioni nilipeleka chakula. Mzee alikuwa amekaa kitandani, na Mama Monica kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini, kama mgeni anayesubiri kusindikizwa. Ile karatasi yangu ya maswali ilikuwa mezani, imenyooshwa. Nilitaka kuomba radhi kwa kuiandika.

"Katibu," akasema, "kesho twende Boko, mie na wewe."

Kesho yake, Ijumaa, Mzee Gaspar alimwacha mkewe kwa Bi Bahiya. Alitoka bila tai. Vifungo vya shati vilikuwa vimepishana, kile cha juu kwenye tundu la pili, na miguuni alivaa ndala moja nyeusi na moja ya kijani. Nilimwambia kuhusu ndala. Akasema anajua.

Tuliingia kwa nesi Eliaichi saa tatu. Mzee alikaa kwenye kiti alichokalia mkewe jana, akaweka mikono magotini.

"Naomba na mie niulizwe," akasema.

"Baba, wewe huhitaji."

"Niulize."

Nesi akanitazama. Nikaangalia chini.

"Haya. Leo ni siku gani, Baba?"

"Leo ni Jumatano."

"Unatoka wapi?"

"Sikumbuki."

"Huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

"Simfahamu. Ni mtu mwema."

Nesi hakuandika kitu. Alifungua faili la Mama Monica, akalifunua mpaka ukurasa wa jana, akaligeuza na kulisogeza taratibu mbele ya Mzee, kidole chake kikiwa chini ya tarehe.

"Mwandiko wa nani huu, Baba Monica?" akauliza.

Mzee aliutazama mwandiko wake. Tarakimu zilikuwa zimesimama vizuri, na neno Alhamisi halikuwa na doa. Miaka thelathini na miwili alilipwa kwa kuandika hivyo. Alivua ndala ya kijani, akaishika mkononi, kisha akaivaa tena.

"Mnazi kuna nyumba ipi iliyo karibu na ule ukuta?" akauliza.

"Ya mwisho. Namba ishirini na sita. Lakini haina dirisha upande huo."

"Andika hiyo."

Nesi akaandika, akampa fomu. Mzee Gaspar akaazima kalamu yangu, akasaini. Kwenye nafasi ya tarehe akasita, akanigeukia.

"Leo ni tarehe ngapi, katibu?"

Nikamwambia. Akaandika.